Programu Hii Haioani

Asubuhi mke wangu alipofariki hospitalini, mimi nilikuwa dukani kwetu nikisimamia mashine ya kudarizi, na sikujua kitufe cha kuisimamisha.

Kusimamia ni neno kubwa. Kazi yangu katika duka lile ilikuwa kukata nyuzi zinazoning'inia, kupiga pasi na kubeba mizigo. Yeye ndiye aliyechora nembo za shule kwenye kompyuta, akazituma kwa waya hadi kwenye mashine, na mashine ikazishona juu ya sweta. Kabla ya kulazwa alinielekeza kama mama anayemwachia mtoto nyumba: bonyeza kijani, ngoja, toa sweta, weka nyingine, bonyeza kijani. Vitufe vingine alisema nisivizoee.

Mashine yenyewe aliibatiza jina la Mama Mkwe, kwa kuwa inanguruma kutwa nzima na ukiigusa vibaya inasimama kama inayosubiri kuombwa radhi. Mama mkwe wake ni mama yangu mzazi, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kukasirika. Sikukasirika. Wanafanana.

Binti yetu alipopiga simu akasema tu, "Baba, njoo," nilielewa. Lakini Mama Mkwe alikuwa katikati ya nembo ya simba. Nikabonyeza kitufe cha manjano, akaongeza mwendo. Nikabonyeza cha bluu, akabadilisha rangi ya uzi. Chekundu nilikiogopa, maana sijawahi kuona taa nyekundu ikileta habari njema. Baadaye niliambiwa hicho ndicho cha kusimamisha. Mtu nimefiwa, na simba anaendelea kuota manyoya. Mwisho niling'oa waya ukutani. Kompyuta nayo ilikuwa kwenye waya uleule. Vyote viwili vikanyamaza, nikafunga mlango, nikaenda.

Viti vya kukodi viliporudishwa na nyumba ikabaki na watu wake, nilifungua duka. Mama Mkwe aliamka. Kompyuta haikuamka. Nilimpelekea fundi, mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko, ambaye huongea na wateja akiwa ameshika skrubu kwa midomo. Aliifungua, akaipuliza vumbi, akasema diski yake ilikuwa imechoka siku nyingi na ingekufa hata ningeibembeleza. Nilimshukuru kwa uongo huo, kama ulikuwa uongo.

Michoro ilikuwa salama. Marehemu aliihifadhi yote kwenye flashi, pamoja na ile programu yake ya kuchorea, ndani ya kopo la vifungo. Nilichomeka flashi hiyo kwenye kompyuta ya ofisi ya jirani ili nihakikishe, jirani akasoma majina ya mafaili akanitazama kwa huruma, akidhani msiba umenipiga kichwani. Mke wangu hakuwahi kuita nembo kwa jina la shule. Ile ya mlima aliiita Kichuguu. Ile ya mwenge juu ya kitabu aliiita Maktaba Inaungua. Na yule simba, ambaye alimchora mnene kidogo na mwenye tabasamu, alikuwa Paka Mnene. Shule nzima imemvaa kifuani miaka yote bila kujua.

Programu yenyewe ilikuwa ya zamani, ya enzi ambazo binti yetu alipanda juu ya kiti ili aone skrini. Ilikuwa na jambo moja nililolipenda. Ukifungua mchoro na kubonyeza alama ya mshale, skrini inakuwa tupu, kisha mishono inatokea mmoja mmoja kwa mpangilio uleule alioupanga yeye, mpaka nembo inajaa. Yeye alitumia hiyo kukagua makosa. Mimi niliitumia kukaa karibu naye nikijifanya nakagua. Sweta iliyokwisha kushonwa haikupi hilo. Inakuonyesha simba, lakini haikwambii mchoraji alianzia wapi, wapi alisita na wapi aliruka.

Nilikumbuka vizuri sana kwamba alianza na jicho. Aliniambia mwenyewe: "Nikishampa jicho, ananiangalia nikimkosea." Siku za msiba nilimsimulia hadithi hiyo kila aliyekaa karibu nami, wengine mara mbili, mpaka shemeji yangu, kaka yake marehemu, akawa ananitangulia kuimaliza.

Basi nikaenda kununua kompyuta mpya, na mpya kweli. Muuzaji aliuliza ni kwa kazi gani, nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua mambo kwamba ni kwa kazi nzito. Akanionyesha moja nyembamba kama sahani. Inazungumza Kiswahili, akasema, na inamtambua mwenyewe kwa uso: unakaa mbele yake, inakutazama, inafunguka. Hilo la uso lilinivutia kuliko inavyompasa mtu mzima. Nyumbani hakukuwa tena na wa kuinua macho nikiingia.

Nilipofika nayo, nilimwita shemeji aje ashuhudie. Nikakaa mbele ya kompyuta, ikafunguka. Nikaifunga, nikakaa tena, ikafunguka. Shemeji alitazama mchezo huo kwa utulivu.

"Safi sana, shemeji," akasema. "Angalau umepata wa kukuvumilia sura."

Nikachomeka flashi, nikabonyeza programu ya marehemu. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikaandika katikati ya skrini: Programu hii haioani na mfumo wako.

Nina elimu ya sekondari na kusoma najua. Lakini nilikuwa mgane mpya, na neno lile nililiona upande mmoja tu. Haioani. Nani amezungumza habari za kuoana? Shemeji alisoma juu ya bega langu, akaniambia nisivunjike moyo, hata dada yake alikataa mara ya kwanza. Nilimpigia fundi nikamwambia kompyuta inanitania. Akataka nimsomee kilichoandikwa, nikamsomea. Akasema maana yake ni kwamba haviendani: programu ni ya zamani, mfumo ni mpya, havikai nyumba moja. Nikamwambia hilo halijawahi kuzuia ndoa ya mtu. Hakucheka. Akafikiri, akasema dawa ni moja, inabidi kompyuta ishushwe, na hapo simu yangu ikazimika kwa kukosa chaji.

Nilishangaa kidogo, lakini fundi ni fundi. Nikaitoa mezani, nikaishusha.

Simu ilipopata chaji nikampigia tena.

"Fundi, nimeishusha."

"Umeishusha mwenyewe?" Sauti yake ilikuwa na heshima ambayo sijaisikia kabla wala baadaye.

"Mwenyewe."

"Na imekubali?"

"Imetulia vizuri tu."

"Ngoja, mzee. Umeishusha mpaka wapi?"

"Mpaka chini. Nimetandika gazeti, isichafuke."

Nikasikia skrubu zikimwagika kwenye meza ya chuma. Alipoweza kuongea tena, akanieleza polepole kwamba alimaanisha kushusha mfumo: kuondoa huo mpya uliokuja na kompyuta na kuweka ule wa zamani, uliofahamiana na programu ya mke wangu. Nikasema nilijua hivyo, nilitaka tu kuanzia chini. Shemeji, aliyekuwa amekaa mlangoni akisikiliza, aliinuka akaondoka bila kuaga, akiwa ameshika tumbo.

Binti yangu naye alikuwa na mpango wake. Anafanya kazi ya ofisi katika mji mwingine, na huko alipata kijana mchoraji mwenye programu za kisasa, akampa picha ya sweta amchore simba upya. Simba yule aliletwa kwenye flashi nyingine. Alikuwa simba kamili: kifua, manyoya, meno, hasira. Na Mama Mkwe, msaliti, alimshona kutoka kwenye ile kompyuta mpya bila hata kunung'unika.

Nilimpelekea mwalimu mkuu wa shule ile ya simba mfano. Nilitumaini atakasirika. Alikivuta kile kitambaa karibu na dirisha, akakigeuza huku na huku, uso ukamng'aa.

"Hatimaye," akasema, "simba."

Nikamwambia hilo lilikuwa jaribio tu na kwamba uzi wa meno unaleta matatizo. Uzi wa meno haukuwa na tatizo lolote. Nilirudi dukani nimemkumbatia yule simba ndani ya bahasha, nikamwonea wivu kama mwanamume mwenzangu.

Sasa nieleze wazi nilichokuwa nakitaka, maana wakati ule sikumweleza mtu. Kazi ingeweza kuendelea bila ile programu. Mchoraji angechora nembo zote, nzuri kuliko za kwetu, na mimi ningeendelea kubonyeza kijani mpaka nizeeke. Lakini michoro ya mke wangu ingebaki kwenye flashi bila wa kuifungua, na ile mishono inayotokea mmoja mmoja nisingeiona tena. Picha zake ninazo. Akiwa anafanya kazi, hakuna aliyewahi kumpiga picha. Nani hupiga picha mtu akifanya kazi?

Nilibeba kompyuta kwenda kwa fundi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisifu, akanionea huruma. Akasema ni sawa na kumletea gari jipya atoe injini atie ya zamani. Vitafutika vyote ilivyokuja navyo. Dukani nilikoinunua hawataipokea tena ikiharibika. Kuna vitu vitakataa kufanya kazi, na yeye hajui ni vipi mpaka afike huko.

"Mzee, una uhakika?"

"Nina uhakika. Mama Mkwe amezoea ya zamani."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Mama mkwe wako ndiye anayeitumia?"

"Ndiye anayeshona."

"Kwa umri huo?"

"Akipakwa mafuta anakwenda vizuri. Tatizo lake ni kelele, na sindano tunambadilishia mara kwa mara."

Alinitazama kama yule jirani alivyonitazama. Nilipogundua nilichosema nilianza kumfafanulia kwamba ni mashine, kwamba jina alilitoa marehemu, kwamba mama mkwe mwenyewe si wangu ila ni mama yangu, na kila nilivyofafanua ndivyo nilivyozidi kuzama. Akaniwekea kiti.

Kazi haikuwa rahisi. Mara ya kwanza mfumo wa zamani uliingia lakini haukuitambua bodi ya herufi, ikawa mfumo upo ila hauwezi kuambiwa kitu. Mara ya pili ulikwama katikati na skrini ikawa ya bluu. Kila siku baada ya kufunga duka nilipita pale kibandani nikakaa kwenye kile kiti, mikono magotini. Wapita njia waliniuliza hali ya mgonjwa. Fundi alisema nikiendelea kuihemea ile kompyuta shingoni ataniandikia ankara ya kiti.

Siku moja binti yangu alinipigia nikiwa hapohapo. Akasema simba amepatikana, mwalimu mkuu ameridhika, mchoraji yuko tayari kuchora na nembo nyingine, kwa nini naizeesha kompyuta mpya. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

"Baba, unataka mashine ifanye kazi, au unamtaka mama?"

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa kama asiyesikia.

"Mashine," nikasema.

"Haya," akasema. "Jumamosi nakuja kuiona hiyo mashine."

Ijumaa fundi aliniita. Kabla sijakaa akageuza skrini, akasema, "Wameoana." Kisha akanitajia masharti ya ndoa. Sauti hakuna, imekataa kabisa. Mtandao hakuna. Kamera haitambuliki, kwa hiyo habari za uso zimekwisha, nitaandika neno la siri kama watu wengine. Na picha imevutika upande, kila kitu kinaonekana kipana kuliko kilivyo, hilo atalitafutia dawa akipata nafasi. Niliinamia skrini ile kwa mazoea, ifunguke. Haikunijua. Nikamwambia fundi hakuna neno, hata mimi siku hizi najishangaa kwenye kioo.

Jumamosi mchana binti yangu alifika na begi dogo, akaweka kiti kando ya changu mbele ya meza ya mama yake. Shemeji akasimama nyuma yetu, kwa kuwa alidai dada yake hakuwahi kumruhusu kukaa. Nikafungua programu. Ilifunguka na rangi zake zile za kizamani, vitufe vikubwa kama vya redio. Nikatafuta Paka Mnene. Kwanza nikawakumbusha kwamba ataanza na jicho.

"Nikishampa jicho, ananiangalia nikimkosea," wakasema wote wawili, kwa sauti ya kuchoka.

Nikabonyeza mshale. Skrini ikawa tupu.

Mshono wa kwanza ulitokea chini, karibu na ukingo. Wa pili kando yake. Nikasema huo ni msingi, jicho linakuja. Mishono ikaendelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka ikajaa duara kubwa la rangi ya dhahabu, ambalo kwa ule upana wa skrini lilizidi kuwa kubwa.

"Hilo ni tumbo," binti yangu akasema.

"Ni msingi."

"Baba, ni tumbo."

Lilikuwa tumbo. Baada ya tumbo zikaja miguu, kisha mkia, kisha manyoya yote, uzi mmoja mmoja. Mahali fulani kwenye shingo sindano ilisita, ikarudi juu ya mishono yake yenyewe, ikasawazisha, ikaendelea. Uso ukaja na pua na lile tabasamu. Macho hayakuwepo. Jicho la kushoto lilitokea mwisho kabisa, nukta chache nyeusi, na la kulia likafuata, na mishono ikasimama.

Nilikuwa nimewaambia watu wangapi? Nilimgeukia shemeji, maana yeye alimjua tangu utotoni, nikamuuliza kama aliwahi kumsikia akisema habari za jicho. Akakuna kidevu. Akasema dada yake alisema mambo mengi, na hilo la jicho pengine lilimhusu mwalimu wake wa hesabu. Binti yangu akasema labda alilianza jicho kichwani mwake, mengine ndiyo akayachora. Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Niliiona, sikuipita.

"Mama yako alianza na tumbo," nikasema.

"Alianza na tumbo," akasema, na ndipo akaanza kulia, akicheka kidogo katikati. Akaniomba nimrudishie pale shingoni, sindano inaposita. Nikamrudishia. Tulitazama pale mara nyingi. Mwishowe tulibaki kubishana kama alikuwa amekosea au alikuwa ameitwa na mtu, na shemeji akasema ikiwa aliitwa, basi ni mimi nilikuwa natafuta mkasi.

Ndiyo maana nimeanza kuandika. Kama nimekosea jambo nililoliona kwa macho yangu mara zote hizo, nikilisimulia kwa uhakika mbele ya watu waliovaa nguo zao nzuri, basi kichwa changu si mahali pa kumwachia mtu. Naandika nikiwa bado nakumbuka, na mahali ninapobahatisha naandika kwamba nabahatisha.

Mwalimu mkuu nilimpelekea sweta zenye yule simba wake mpya mwenye meno, kwa sababu ndiye aliyemchagua, na watoto wanampenda. Paka Mnene yuko kwenye kompyuta. Nembo nyingine zote zinashonwa kutoka kwenye michoro ya marehemu kama zamani, nami chekundu nimekizoea.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja anayefungua shule ya chekechea, anataka nembo ya ndege. Nilimwambia sawa kabla sijafikiri. Alipoondoka nikatafuta kwenye flashi yote, hakuna ndege. Mke wangu hakuwahi kuchora ndege. Binti yangu akaniambia nimpigie mchoraji, nikasema nitampigia. Sijampigia. Ninamchora mwenyewe kwa ile programu ya zamani, jioni kidogo na asubuhi kidogo. Nimemaliza bawa moja.